Muhuri wa Jouli Saba na Nusu

Skoda ya kijivu ilikuwa mbele yake, ikiteremka taratibu kutoka Oberhof. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari, na barabara iliyokuwa nyeusi kwa maji ilipotea kila baada ya kona.

Wiebke Olschewski hakuwasha taa kubwa.

"Kunguru hapa," alisema redioni. "Bado niko naye."

"Usimkaribie." Ilikuwa sauti ya mkuu wake, Haberkorn, kutoka Berlin. "Mwache afike anakokwenda."

Karibu na Zella-Mehlis polisi wa barabarani walikuwa wakikagua magari. Skoda ikaelekezwa pembeni. Wiebke akasimama nyuma kwenye foleni, akashusha kioo.

Dereva alishuka bila haraka yoyote. Mwembamba, glavu za ngozi, ndevu zimenyolewa zikaisha. Severin. Idara ya ujasusi haikujua jina lake la pili. Ilichojua ni kwamba kila mji aliopita, mtu mmoja alianguka barabarani mchana kweupe, madaktari wakasema moyo, na hakuna aliyesikia mlio.

Polisi alifungua buti, kisha mkoba mrefu uliokuwa na kufuli. Ndani mlikuwa na bunduki ya upepo, aina ya Rehbock, ya kukunja mtutu, tupu. Akaigeuza, akatafuta muhuri. Ulikuwepo: herufi F ndani ya pembetano.

Muhuri huo humwambia kila polisi wa Ujerumani jambo moja. Nguvu ya bunduki hii haizidi jouli saba na nusu. Mtu mzima yeyote anaweza kuinunua bila kibali, akatobolea makaratasi nyuma ya nyumba yake.

Polisi alimtakia shabaha njema.

Skoda ikaondoka.

Wiebke akaifuata kwa mbali. Kabla Idara haijamchukua alikuwa amesomea ufundi wa silaha mjini Suhl, na alijua jinsi bunduki hizi zinavyozaliwa. Kiwanda hutengeneza bunduki moja kwa dunia nzima. Mtutu ni ule ule, kitako ni kile kile. Kinachobadilika ni springi iliyojificha ndani ya bomba. Ya Wajerumani ni laini. Waingereza wanaruhusiwa nguvu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na kuna nchi ng'ambo ambako hakuna anayeuliza, na huko hupelekwa springi ngumu kuliko zote.

Sanduku zima la springi za ng'ambo lilinunuliwa na Veit Krannich, mfanyabiashara wa silaha wa Suhl. Kwa maelezo yake lilikuwa limesafirishwa zamani.

Halikuwahi kuvuka mpaka.

*

Severin alipanga chumba cha ghorofa ya pili katika nyumba ya wageni ya Bi Döll, mjini Meiningen. Dirisha lake lilitazama ngazi za mahakama, ng'ambo ya barabara.

Kesho yake asubuhi mtu mmoja alitakiwa kupanda ngazi zile: Jaromir Havlasa, mkemia wa Kicheki. Ndiye aliyekuwa akipika sumu ya Krannich na wateja wake wa nje, mpaka alipoona picha ya mwanamke aliyeuawa kwa sumu hiyo, akaacha kulala, akajisalimisha. Ushahidi wake ungewamaliza wote.

Wiebke naye alichukua chumba pale pale, akajiita muuza vifaa vya meno. Bi Döll alimpokea mzigo huku akimlalamikia juu ya yule mgeni wa juu.

"Hasemi, hacheki, hasalimii," alisema. "Nimemwambia, baba, humu si makaburini. Akanitazama tu. Tangu hapo nasikia baridi. Na jirani yake, mzee mwenye mafua, tangu jana hajatoka kitandani."

Jioni, Severin aliposhuka kula maandazi ya viazi na nyama ya kuoka, Wiebke aliingia chumbani kwake kwa ufunguo wa bandia. Alibandika kinasa sauti nyuma ya rejeta ya kupashia chumba joto. Kisha akaivuta bunduki kutoka chini ya kitanda.

Alisimamisha kipima mwendo mezani, kidude kisichozidi pakiti ya sigara, akakunja mtutu. Mkono ulitetemeka. Springi ya Kijerumani haivutwi kwa taabu namna ile. Akapiga kwenye mto wa Severin mwenyewe, akageuza upande wenye tundu chini, akasoma kioo.

Zaidi ya jouli ishirini.

Kwa saba na nusu, kirisasi kingechoka kwenye koti zito la baridi kabla hakijafika mwilini. Kwa ishirini kingepita koti, kingepita sweta, kingeingia kwenye nyama kwa uchungu wa mdudu. Kikiwa kimepakwa dawa ya Havlasa, hapangehitajika zaidi ya hapo. Hakuna baruti, hakuna harufu, hakuna ganda sakafuni. Na kama polisi wangeipata bunduki, wangeutazama muhuri na kumtakia shabaha njema.

Alimweleza Haberkorn kwa simu, kwa kunong'ona.

"Kirisasi chenye sumu kiko wapi?"

"Hapa hakipo. Krannich haamini mtu. Atakileta mwenyewe."

"Basi tunamkamata akipanda ngazi, na sumu mkononi. Rudisha bunduki ilivyokuwa. Usiiguse, Kunguru. Ni ushahidi."

"Na kama Krannich atatupita?"

"Hatatupita."

Simu ikakatika.

Wiebke alibaki amepiga magoti, silaha mapajani. Chini alisikia vijiko na kicheko cha Bi Döll. Alifikiria kuweka springi laini, akaona ni ujinga. Severin angekunja mtutu mara moja na mkono wake ungemwambia kila kitu. Springi ilibidi ibaki ile ile.

Upepo ndio ungeweza kuvuja.

Alitoa kibano chake, akaifungua bunduki pole pole, kifua chake kikikandamiza bomba, maana springi ile ikichomoka hung'oa meno. Mbele ya pistoni kulikuwa na mpira unaoziba upepo. Akaukata ukingoni kwa wembe. Akakata tena. Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho alisikia ngazi zikilia.

Hakupata nafasi ya kupima.

Aliisukuma bunduki chini ya kitanda, akakusanya vifaa vyake, akatokea kwa dirisha la choo, akashikilia bomba la mvua huku vidole vikifa ganzi, na usiku kucha alijiuliza kama alikuwa amekata vya kutosha.

*

Asubuhi theluji nyepesi ilianguka. Vijana wa Haberkorn walijipanga: wawili ukumbini mwa nyumba ya wageni, wawili kwenye gari la mkate, mmoja mlango wa nyuma. Wiebke alikuwa ng'ambo, mbele ya mahakama, kamera ya mtalii shingoni, redio sikioni.

Krannich hakutokea.

Gari la Havlasa likakunja kona.

"Lisimamisheni," Wiebke alisema.

"Krannich bado," alijibu Haberkorn. "Bila kirisasi, Severin ni mtu mzima mwenye bunduki ya kuchezea tu."

Ndipo kinasa sauti kilipomletea kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Si hatua za ngazi. Ulikuwa mlango wa ndani, ule unaounganisha chumba na chumba, ukifunguka kwa mlio mdogo. Kisha sauti ya mzee, tulivu, yenye lafudhi ya Suhl, ikimwambia Severin atumie koleo, asishike kwa vidole.

Mgeni wa chumba cha jirani, yule aliyetajwa na Bi Döll. Mzee aliyefika tangu juzi, mwenye mafua, asiyetoka kitandani.

"Yuko ndani," Wiebke alisema. "Krannich yuko ndani tangu zamani. Vunjeni mlango."

Alisikia buti zikipiga ngazi. Alisikia pia mtutu ukikunjwa, na Severin akiguna kidogo kwa uzito wa springi. Hakushtukia kitu. Mtutu ukafungwa.

Mlango wa gari ulikuwa umeshafunguka. Havlasa, mzee aliyejikunyata ndani ya koti la kijivu, aliweka mguu kwenye theluji, akatazama ngazi za mahakama kama mtu anayehesabu dhambi zake.

Gari likasogea. Mgongo wa mzee ukabaki wazi.

Wiebke hakukimbia. Mtu akikimbia, mpiga shabaha huharakisha. Alitembea hatua ndefu, akamshika mzee kiwiko kama binti anayemsaidia baba, akajiweka kati yake na dirisha.

"Tembea, mzee wangu," alimwambia. "Usigeuke."

"Wapo?"

"Wapo. Tembea."

Kirisasi kilimpata katikati ya ngazi.

Kilikuwa kama kidole kinachogonga bega, mara moja, cha mtu anayetaka kuuliza njia. Nyuma yake, kutoka dirishani, kilisikika kishindo kikavu cha chuma kwa chuma, pistoni iliyokosa upepo wa kuizuia. Kisha mlango uliovunjika, kelele, kitu kizito kikianguka.

Wiebke aliendelea kupanda. Alimfikisha Havlasa ndani, akamkabidhi kwa walinzi, akasimama peke yake ukutani.

Alisubiri mwili wake umwambie.

Moyo ulipiga. Ukapiga tena. Alivua koti bila kugusa bega, akapapasa sweta kwa ndani. Pakavu. Katika sufi nene ya koti, kirisasi kilikuwa kimenasa kama mbegu ya magugu, kimetua juu juu tu.

"Kunguru," redio ilisema. "Wote wawili tunao. Krannich alijaribu kumeza virisasi vilivyobaki, vijana wamemkaba shingo. Uko salama?"

"Salama. Kirisasi kimenasa kwenye koti langu."

Haberkorn hakuwa mjinga.

"Bunduki ya jouli ishirini, umbali ule, na koti halikutoboka," alisema. "Uliigusa."

"Niliigusa."

"Wakili wa Krannich atanitafuna kwa kuchezea ushahidi."

"Mpe kirisasi cha mteja wake akitie mfukoni, uone kama atatafuna."

Haberkorn alicheka bila kutaka.

Mtaalamu wa maabara alifika na sanduku la chuma. Wiebke alimkabidhi koti, akamwonya asishike begani, akatoa redio sikioni na kuitia mfuko wa suruali. Theluji ilikuwa imezidi. Kwenye kona ya soko mwanamume mmoja alikuwa akigeuza soseji juu ya makaa. Wiebke akavuka barabara kwa sweta tu, akaomba moja, haradali nyingi.

"Dada, utakufa kwa baridi," mchoma soseji alimwambia.

"Leo hapana," alisema Wiebke, akaanza kula huku akielekea stesheni.