Siku Breki Alipogombana na Kila Mtu

Kila Jumamosi asubuhi, wastaafu wanne hukutana mbele ya posta. Wamevaa viatu vya raba na kofia. Wanatoka mjini kwa miguu, wanapita katikati ya mashamba, wanapanda kilima, kisha wanashuka hadi baharini. Hurudi kwa njia ya ufuoni.

Anayetangulia ni Breki. Alikuwa dereva wa basi, na jina hilo alipewa kazini kwa sababu hakuwahi kugonga hata kuku. Nyuma yake huja Wino, aliyekuwa akichapa vitabu kiwandani. Wino hanyamazi. Anaongea akipanda mlima, anaongea akishuka. Wa tatu ni mke wa Breki. Alikuwa mpishi wa shule, na hadi leo wote humwita Mpishi. Sista, muuguzi mstaafu, huja mwisho, polepole, kwa sababu ya goti lake.

Breki alikuwa na kisukari. Mwanzoni alimeza vidonge. Baadaye daktari akamwanzishia sindano ya insulini. Aliyejua ni mkewe tu.

"Usimwambie mtu," Breki alimwomba. "Wino akijua, nitakuwa mgonjwa wa kubebewa hata chupa ya maji."

Mpishi alikubali shingo upande. Lakini ndani ya nyumba alitangaza vita. Sukari aliiondoa jikoni. Pipi za wajukuu alizifungia kabatini. Yeye alijua jambo moja tu kuhusu ugonjwa huo: sukari ni sumu kwa mume wake.

Jumamosi moja walichelewa kuamka. Breki alijichoma sindano yake kama kawaida, akaanza kufunga kamba za viatu. Mkate na mayai vilikuwa mezani.

"Kula kwanza, baba watoto," alisema Mpishi.

"Wenzetu wanasubiri. Wino atatusema njia nzima. Nitakula tukirudi."

"Na dawa?"

"Nimeshachoma. Hilo ndilo la muhimu."

Mpishi hakuona ubaya. Alijiambia kwamba mumewe asipokula, sukari itapungua, na si ndicho wanachokitaka? Wakafunga mlango, wakatoka.

Jua lilikuwa kali siku hiyo. Walipita mashamba, wakapanda kilima, wakaanza kushuka upande wa bahari. Sista alikuwa amebaki nyuma sana. Breki naye hakuwa tena mbele. Alijikwaa mara moja, akajikwaa tena. Shati lake lililowa mgongoni, ingawa upepo wa bahari ulikuwa umeanza kuwapuliza.

"Dereva, leo umekwama gia ya kwanza?" Wino alimtania.

Siku nyingine Breki angejibu kwa utani mkubwa zaidi. Leo aligeuka, macho yamemtoka.

"Nani amekuuliza? Unaropoka tangu asubuhi. Nimechoka na mdomo wako."

Wino alisimama kama aliyepigwa kofi. Mpishi alimsogelea mumewe, akamgusa mkono. Mkono ulikuwa wa baridi na ulikuwa ukitetemeka.

"Baba watoto, una nini?"

"Niache na wewe."

Akauvuta mkono wake. Akaiacha njia, akashika upande wa mawe yanayoingia baharini. Maji yalikuwa yanajaa. Yalipita katikati ya mawe yakitoa povu, yakarudi, yakaja tena juu zaidi.

"Mwache, shemeji," alisema Wino kwa sauti ya kuumia. "Mtu akiwa na hasira, mpe nafasi. Zikiisha atarudi."

Mpishi alimtazama mumewe akiweka mguu kwenye jiwe lenye majani ya bahari. Aliyumba kama mlevi. Na Breki hanywi. Mpishi alitaka kusema, ila alikumbuka ile ahadi. Akisema, mumewe atamwona msaliti. Wimbi lilipiga jiwe la mbele, likamlowesha Breki hadi magotini. Breki hakurudi nyuma. Alipiga hatua nyingine mbele.

"Hana hasira," Mpishi alisema. "Anaumwa. Ana kisukari, Wino. Anajichoma sindano, na leo hakula chochote."

Wino alitupa mkoba chini, akakimbia. Alimfikia Breki kwenye mawe, akamshika mkanda wa suruali. Breki alimsukuma. Wino aliteleza, akachubuka mguu, lakini mkanda hakuuachia.

"Wewe ni nani?" Breki alimuuliza.

Baadaye Wino alisema kwamba swali hilo lilimtisha kuliko mawimbi.

Alimvuta hatua kwa hatua hadi mchangani. Mpishi alimpokea, wakamkalisha chini. Sista alifika akichechemea, Mpishi akamweleza yote kwa maneno machache. Sista alimshika Breki paji la uso.

"Jasho la baridi," alisema. "Anatetemeka, amechanganyikiwa. Sukari imeshuka. Nani ana kitu kitamu?"

Wino aliukimbilia mkoba wake, akatoa chupa ya soda. Mpishi akamdaka mkono.

"Usimpe. Nimewaambia ana kisukari. Mtaniulia mume wangu."

"Dada, nisikilize," Sista alisema upesi. "Ile sindano inashusha sukari. Hakula, na kutembea nako kunaishusha. Sasa imeshuka kupita kiasi, ubongo umekosa nguvu. Ikizidi kushuka, atazimia. Sukari nyingi inamdhuru siku zote, ndiyo. Lakini sasa hivi sukari ndiyo dawa."

Mpishi aliitazama chupa. Akamtazama mumewe, midomo imepauka. Taratibu akauachia mkono wa Wino.

"Breki, unaweza kumeza?" aliuliza Sista.

Breki alitikisa kichwa kukubali. Sista akamnywesha kidogo kidogo.

"Angekuwa amezimia, tusingemtia kitu mdomoni, kingempalia," alisema. "Tungemlaza ubavu na kuita gari la hospitali."

Wakasubiri. Robo saa ilipita. Maji yaliendelea kupanda kwenye yale mawe, hadi jiwe alilosimamia Breki halikuonekana tena. Mpishi aligeuza uso asilitazame.

Polepole mikono ya Breki ikatulia. Rangi ikarudi midomoni.

"Mbona suruali yangu imelowa?" aliuliza.

Mpishi alianza kulia.

"Mpeni mkate ulio kwenye mkoba wangu," alisema Sista. "Soda haikai mwilini. Anahitaji chakula cha kushikilia."

Breki alikula huku akisimuliwa. Alipomaliza, alimtazama mkewe.

"Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Nilikuomba."

"Uliniomba ninyamaze. Ningeendelea kunyamaza, ungeingia majini. Ulitaka nifanye nini?"

Breki aliona damu kwenye mguu wa Wino, akauliza ni ya nini.

"Umenisukuma kwenye mawe," alisema Wino. "Na mdomo wangu umeutukana. Mdomo nimesamehe. Mguu bado."

Breki aliinamisha kichwa. "Nisameheni wote," alisema.

Wino alikohoa. "Na mimi niseme. Nina presha. Nameza vidonge, anajua mke wangu tu."

"Kumbe nimekuwa nikitembea na wodi nzima," alisema Sista, "na hakuna aliyenipa faili."

Ndipo wakacheka, ingawa si kwa nguvu.

Jumatatu Breki na Mpishi walienda kliniki pamoja. Daktari aliipunguza dawa ya siku za matembezi. Akawaonya wasibadilishe kipimo kwa kubahatisha. Akawaeleza kwamba anayechoma insulini hapaswi kuruka mlo, na kwamba popote aendapo awe na kitu kitamu mfukoni. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kununa bila sababu: hizo ndizo dalili, na anaotembea nao wazijue. Mpishi aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Alirudi nyumbani na mashine ndogo ya kupimia sukari, na yeye ndiye aliyejifunza kwanza kuitumia.

Majuma kadhaa yakapita. Asubuhi moja, wakipanda kilima, Breki alisimama katikati ya njia. Vidole vilikuwa vimeanza kumtetemeka.

"Subirini," alisema. "Sukari yangu inashuka."

Wakasubiri. Alikaa juu ya gogo, akakoroga sukari kwenye maji, akanywa. Mpishi alimpima, akampima tena baadaye. Namba zikapanda. Breki akasimama, akanyoosha miguu.

"Haya, twende."

"Bado," alisema Sista. "Mkate."

Akakaa tena, akala mpaka akamaliza. Kisha wote wanne wakaanza kushuka kuelekea baharini, na safari hii walikwenda kwa mwendo wa Sista.