Mpira Uliokatwa kwa Kisu

Dereva wa basi hakupiga honi mara ya pili. Alishuka, akafungua mlango wa kombi iliyozima katikati ya makutano, akamvuta mwenye kombi kwa kola na kumshindilia ngumi ya mdomo. Ilikuwa saa sita mchana, soko limefurika. Watu walisogea kutazama, hakuna aliyeingilia kuwaamulia.

Aliyepigwa alikuwa kinyozi. Damu ilidondokea koti lake jeupe la kazi, lililopigwa pasi likasimama. Kombi hiyo kuukuu, samawati chini na rangi ya maziwa juu, ndiyo ilikuwa duka lake: kiti cha kunyolea kando ya kitanda cha kukunja, na kioo kikubwa ubavuni.

Ngumi ya pili haikufika. Spana ndefu ilitua kwenye kiwiko cha dereva, naye akapiga yowe.

"Rudi kwenye basi lako," alisema mwanamke aliyeishika. Alivaa ovaroli iliyokunjwa mikono, kilemba chekundu kimekaa upande, na hereni ndogo zikimetameta. "Au unataka na kiwiko cha pili?"

Dereva alirudi. Mwanamke akamgeukia kinyozi. "Unaweza kusimama?"

"Mimi naweza. Kombi ndiyo haiwezi. Ikienda inakwenda, ikisimama inatetemeka kama ina homa, halafu inazima."

"Isukume. Gereji yetu ni pale. Na ufute damu, utanitishia wateja."

Gereji ilikuwa yake na kaka yake, pande la mtu aliyeitwa Bondia. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao wafariki. Kijana wa mwisho kumchumbia dada yake alitoka pale bila meno ya mbele. Kinyozi alimsalimu, Bondia akampa mgongo.

Mwanamke mwenyewe ndiye alikuwa fundi. Aliwasha injini, nayo ikaunguruma, ikapanda, ikashuka, ikakohoa. Hakugusa chochote kwanza, alisikiliza tu. Kisha akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka.

"Umesikia tofauti?"

"Hapana."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Ingekuwa nzima ingeshtuka, itake kuzima. Hii petroli yake inapimwa kwa hewa. Kuna kifaa kinapima hewa inayoingia, halafu nozeli zinamwaga petroli kulingana nayo. Hii ina tundu mahali, inavuta hewa ya wizi."

Alipitisha vidole juu ya mpira mnene wa hewa, akaukunja. Ufa ukafunguka kama mdomo.

"Uzee tu," alisema. "Umekauka."

"Na mimi je? Tatizo langu umeliona?"

"Wewe unaongea sana." Lakini alikuwa akitabasamu.

Simu zilianza jioni hiyo hiyo.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula moshi. Kombi inasemaje?"

"Imetulia kama mtoto aliyeshiba. Hainipi sababu ya kuja huko."

"Basi siku moja nitaukata huo mpira mwenyewe, uje unakimbia."

Walicheka, na mapenzi yakashika. Kinyozi alipanga kwenda kumtambulisha fundi kwa shangazi aliyemlea yeye kinyozi. Siku moja kabla ya safari, kombi ililala gerejini ili ikaguliwe.

Asubuhi alipoichukua kwenda kumfuata fundi nyumbani kwake, homa ilirudi. Kombi ilizima kwenye mteremko. Lori lililokuwa nyuma liliikwangua ubavu mzima, likang'oa mlango, na kinyozi akatupwa kwenye kioo chake cha kazi. Alitoka akitambaa juu ya vigae vya kioo, paji limechanika, akafungua mlango wa injini. Mpira mpya ulikuwa umekatwa, mkato ulionyooka, wa kisu.

Alipiga simu. "Umenikatia mpira."

"Nini?"

"Ulisema mwenyewe utaukata. Nimenusurika kufa kwa utani wako!"

"Mpenzi, unajisikia unavyosema?"

"Usije." Akakata.

Fundi alikuja hivyo hivyo. Hakumsalimu. Aliutazama mkato, kisha akazamisha mkono ndani zaidi. Ulitoka umelowa petroli.

"Wewe umeishia kuona huo. Na huu wa petroli? Umekatwa nusu, juu ya injini ya moto. Aliyefanya hivi hakutaka urudi gerejini, alitaka uungue." Alimwonyesha kiganja kilicholowa. "Mimi nikuunguze?"

Kinyozi alikosa pa kuweka uso. "Nisamehe. Nani basi?"

"Wenye funguo za geti la gereji ni wawili tu. Mimi na kaka."

Walipomkabili gerejini, Bondia hakukana. "Nimekulea kwa mikono hii," alisema. "Nikuache uondoke na mkata nywele?"

Alinyanyua chuma cha kufungulia matairi, akampiga nacho kinyozi mbavuni hadi akaanguka. Alipokinyanyua tena, fundi aliruka katikati. Chuma kilitua mkononi mwake, na wote watatu wakasikia mfupa ukivunjika.

Kinyozi aliinuka, ametoa wembe wa kazi mfukoni mwa koti. Mkono uliozoea kupita kooni mwa watu kwa upole uliukandamiza chini ya kidevu cha Bondia, na uzi wa damu ukatiririka.

"Nikate," Bondia alisema.

"Mume wangu," fundi aliita. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Usimwangalie yeye. Niangalie mimi."

Alimwangalia. Wembe ukaanguka. Majirani wakamfunga Bondia kwa kamba ya kuvutia magari.

Fundi alitoa maelezo polisi mwenyewe, mkono ukiwa kwenye plasta. Alipotoka nje, aliegemea ukuta.

"Nioe leo," alimwambia kinyozi. "Sina mtu mwingine."

"Leo hapana, mpenzi. Leo umempoteza kaka. Ukinishika sasa, utakuwa unashika chochote kilicho karibu."

Fundi aliondoka bila kumuaga. Wiki zikapita. Alikwenda gerezani, Bondia alikataa kumwona, akakataa tena, kisha akakubali, wakalia pamoja. Kinyozi alituma salamu kila siku, wala hakujibiwa.

Ndipo simu ikalia akiwa anamnyoa mteja.

"Wewe kinyozi, mbona huji? Unangoja nizeeke?"

"Una hasira?"

"Nyingi!"

"Za kaka?"

"Za kaka zimekwisha nguvu. Hizi ni zako, peke yako."

Kinyozi alizima mashine, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. "Hizo ndizo nilizokuwa nangoja," alisema. "Kesho nakuja na shangazi kukuposa."