Gari Waliloliita Sabato

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mjane, mama wa watoto watatu, muuza omena, dagaa wa ziwani, hapa Migori. Haya ninayaandika nikiwa na akili timamu na hasira kidogo, kwa sababu najua kuna dada anayesoma hapa na ana gari bovu uani, na kila mtu anamwambia lake.

Langu lilikuwa van nyeupe, kuukuu, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Nililiendesha mwenyewe hadi Sindo kuchukua omena, na ndilo lililosomesha watoto. Sikuwa na kingine.

Sisi ni Wasabato, na kwangu Sabato si jambo la mchezo. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, nililipeleka gari kwa kaka yangu mdogo, Ouma, nikamkabidhi na ufunguo. Nilitaka hata kishawishi kisinipate. Ouma ni shemasi, na kwake kuna ua wenye lango. Yeye Jumamosi hakuwa akiabudu nasi. Alituambia amepewa kazi ya kufundisha kikundi kidogo cha waumini huko Lambwe.

Jumapili asubuhi alinirudishia gari limeoshwa ndani na nje, linanukia sabuni, harufu yote ya omena imekwisha. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kaka wa namna hiyo... Mjinga mimi! Gari lililopumzika siku nzima linaoshwa la nini?

Mwaka jana injini ikaanza kuchemka. Fundi wangu, Marwa, akasema gasketi imeungua, akaweka mpya. Baada ya wiki mbili ikaungua tena. Akaniomba niwe nampitishia gari kila Ijumaa nikitoka Sindo, na kila Jumapili kabla hajaenda misa, aangalie maji. Ijumaa maji yalikuwa sawa. Jumapili rejeta ilikuwa karibu kavu.

Sasa nani angelaumiwa kama si fundi? Marwa alikuwa Mkatoliki aliyetoka Kegonga, mgeni mjini, mpole kupita kiasi. Akiongea hakutazami usoni. Na kila nikigeuka namkuta ameinama kwenye boneti na kalamu mkononi. Anaandika nini? Fundi na kalamu wapi na wapi? Nikaanza kuhesabu boliti. Nikaanza kusimama nyuma yake akifanya kazi, nimekunja mikono. Usiku nilikosa usingizi nikiwaza ni spea gani ameshachomoa.

Nilipomweleza Ouma, alitikisa kichwa kwa huruma. Akaniambia, “Nyamera, dada yangu, huyo fundi anakukula polepole. Uza hiyo gari ikiwa bado inawaka.” Na mnunuzi alikuwa naye tayari, rafiki yake wa Homa Bay.

Marwa alisema kinyume. Aliapa injini ni nzima, nisiuze.

Nikakaa hapo katikati wiki nzima. Kuuza kulikuwa kama kumzika mume wangu mara ya pili. Kutengeneza kulikuwa kumpa mwizi nafasi nyingine. Nilifunga na kuomba, nikangoja ishara.

Jumapili iliyofuata Marwa alifunga boneti, akafuta mikono, akasema taratibu, “Mama Atieno, hii gari haina shida. Shida ni Jumamosi. Inatembea Jumamosi.”

Damu ilinipanda. Nilisikia mtu asiye wa imani yangu akiniita mnafiki, kwamba naenda kanisani huku gari langu linafanya biashara siku ya Bwana! Nilimpigia kelele mbele ya wateja wake. Nilimwita mwizi. Yeye alisema tu, “Fungua boneti usome mwenyewe.” Sikufungua. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba ishara niliyoiomba nimeipata, na wiki hiyohiyo nikauza.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuomba lifti ya mizigo. Magari ya watu hayataki omena. Mara mbili magunia yangu yalinyeshewa Sindo nikingoja, omena zikaoza. Meza yangu sokoni ikabaki na vikopo vichache. Nikasikia pia kwamba Marwa amefunga gereji, kwa kuwa wateja hawaendi kwa fundi aliyeitwa mwizi hadharani. Nilisema afadhali.

Miezi minne ikapita. Jumatano moja nilikwenda Lambwe kumpa pole rafiki yangu aliyefiwa. Nilipokuwa nangoja usafiri wa kurudi, karibu na mama mmoja muuza njugu, mama huyo akainua macho akasema, “Sabato imefika.”

Nikamwambia leo ni Jumatano. Akacheka. “Ni hiyo gari. Tunaiita Sabato. Siku hizi inakuja kila siku, lakini zamani ilikuwa Jumamosi tu, inabeba watu na mbuzi hadi paa inakaribia kupasuka.”

Nikamuuliza zamani ipi. Akasema tangu mwaka jana, msimu wa kupanda mahindi. Na dereva? “Mtu wa Mungu, huyo. Anaombea abiria kabla ya kung’oa nanga.”

Ilikuwa van yangu. Aliyeshuka ni Ouma.

Hakuniona. Alifungua boneti aongeze maji, nami nikamfikia kabla hajaifunga. Ndani ya kifuniko, Marwa alikuwa amegundisha kipande cha katoni. Ijumaa, namba za kilomita. Jumapili, namba nyingine, kubwa zaidi. Wiki tano mfululizo, kwa kalamu ileile niliyoishuku... Nilisoma mpaka chini, nikasoma tena.

Ouma hakukana. Kumbe yule rafiki wa Homa Bay alikuwa jina tu. Alinikumbusha kwamba niliuza kwa hiari yangu na nikatia sahihi, kisha akaniuliza kama nataka lifti hadi Migori. Nilikataa.

Nilimtafuta Marwa hadi Kegonga. Nilimkuta shambani, analima mahindi ya shemeji yake. Aliniletea kiti na maji ya kunywa. Halafu akaniuliza, “Mama Atieno, gari inaendelea aje?”

Nililia mbele yake bila aibu. Alinisamehe, lakini gereji haikurudi.

Ndugu zangu, sijui kama gari lako ni la kuuza au la kutengeneza. Ninachowaomba ni kimoja. Mtu akikuambia neno lililokuchoma, na akasema fungua usome, tafadhali fungua. Mimi niliwashuku watu wote waliokuwa na grisi mikononi, nikaukabidhi ufunguo kwa mwenye sabuni.