Habari Isiyofika Msongoni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Jenoveva aliteremka bondeni na ndoo ya bati, kisha akaupanda mlima huku maji yakimchuruzika mgongoni. Watoto wote wa kijiji chao, huko juu ya Mlalo, waliishi hivyo. Ndiyo maana mwaka ule wa 1974, serikali ilipoahidi kuleta mabomba endapo wanakijiji wangechimba mtaro wenyewe, akina mama walipiga vigelegele.

Baba yake Jenoveva, Kornelio, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Chemchemi ilikuwa Msongoni, kitongoji cha juu kabisa, na mtaro ulipaswa kukatiza migomba ya watu kabla ya kufika shuleni. Alhamisi moja jioni alimwita binti yake.

"Jeni, panda Msongoni kwa Mzee Shabani na Bi Mwanamisi. Waambie Jumamosi tutachimba kwenye migomba yao. Kama kuna mahali hawataki paguswe, waje waniambie kesho. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka, na njia ya Msongoni ilikuwa na utelezi. Katikati ya mlima Jenoveva alikutana na mtoto mdogo akiswaga mbuzi kurudi nyumbani.

"Wewe ni wa Msongoni? Basi mwambie Bi Mwanamisi kwamba Jumamosi watachimba kwake."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akamkimbilia mbuzi mmoja aliyeingia kichakani. Jenoveva aligeuka, akarudi nyumbani.

"Umefikisha?" baba yake aliuliza.

"Nimefikisha."

Kornelio hakuuliza zaidi.

Jumamosi watu walitoka kwa wingi na majembe yao, Jenoveva akiwamo. Mzee Shabani na mkewe hawakuwapo, maana alfajiri walikwenda kupalilia shamba lao la bondeni. Kufikia adhuhuri mtaro ulikuwa umeingia ndani ya migomba yao. Wachimbaji walikuta mawe yaliyopangwa, wakayang'oa na kuyatupa kando, wakaendelea.

Bi Mwanamisi aliporudi na mzigo wake wa kuni, mumewe akimfuata nyuma, alisimama ghafla. Aliutua mzigo, akapiga magoti, akaanza kuokota yale mawe moja moja na kuyaweka kwenye upande wa khanga yake.

"Huyu ni Mbaraka wangu," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne."

Wachimbaji walishusha majembe. Kaburi halikuwa limefukuliwa, lakini mtaro ulipita kichwani pake.

"Ndugu Kornelio," Mzee Shabani alisema polepole, "mngetuuliza."

"Mzee wangu, tuliwaarifu. Binti yangu alikuja Alhamisi."

"Hakuja mtu hapa."

"Labda bibi amesahau," mtu mmoja alisema kwa nyuma. "Umri nao."

Bi Mwanamisi aliinua macho, akamtazama Jenoveva. Jenoveva akavitazama vidole vya miguu yake.

Kesho yake watu wa Msongoni waliweka majembe chini. Bwana Maji, afisa wa serikali wa mabomba, alikuwa aje kutoka Lushoto siku ya Ijumaa, na kama angekuta mtaro haujakamilika, mabomba yangepelekwa kijiji kingine. Jumatatu, kwenye njia ya bondeni, Jenoveva aliwasikia wanawake wakisema kwamba Bi Mwanamisi ni mwongo, anataka kuwanyima watoto wa wenzake maji. Maneno hayo yalimchoma. Aliacha ndoo palepale, akaenda moja kwa moja shambani kwa baba yake.

"Baba, sikufika Msongoni. Nilimwambia mtoto mchunga mbuzi, nikarudi."

Kornelio alichomeka jembe ardhini.

"Umemfanya mama mtu mzima aitwe mwongo mbele ya kaburi la mwanawe," alisema. "Tangulia. Ile njia uliyoiacha nusu, leo tutaimaliza."

Walimkuta Bi Mwanamisi akichambua maharage barazani, mumewe kando yake. Jenoveva alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Alisema yote, machozi yakimtoka. Bi Mwanamisi alisikiliza, mikono imetulia juu ya ungo.

"Mwanangu," alisema, "usiku ule nilimuuliza mume wangu: au kweli alikuja, nami nimesahau? Nilianza kujishuku mwenyewe."

Kornelio alivua kofia. "Mama, kosa si la mtoto peke yake. Nilituma neno, wala sikuuliza mmejibu nini. Tuonyesheni nyie mtaro upite wapi."

Mzee Shabani alimtazama mkewe. Mkewe aliinuka, akawaongoza mpaka ng'ambo ya migomba, hatua ishirini kutoka kaburini, akakanyaga ardhi kwa kisigino. "Hapa."

Jioni ile kwenye mkutano wa kijiji, Jenoveva alisimama mbele ya wote na kusema kwamba Bi Mwanamisi hakusahau, na wala hakudanganya. Hakuacha neno hata moja. Yule aliyesema habari za umri aliinuka, akaomba radhi. Asubuhi yake majembe ya Msongoni ndiyo yaliyotangulia. Walifukia kwanza mtaro wa kaburini, wakayarudisha mawe, ndipo wakachimba mpya. Alhamisi jioni ulikuwa umefika shuleni.

Bwana Maji alipokwisha kuukagua na kuagiza mabomba yashushwe garini, Kornelio aliwageukia watu wake, mkono wake begani kwa Jenoveva.

"Ndugu zangu, mtaro huu tuliuchimba mara mbili kwa sababu ya habari moja. Kazi ya wengi haianzi na jembe, huanza na neno la kweli kwa kila mwenye haki ya kulisikia. Na neno halijafika mpaka aliyepelekewa ajibu. Mimi nimelijua hilo nikiwa na mvi. Nyie watoto, lijueni leo."

Bi Mwanamisi, aliyekuwa amesimama mbele, aliitikia kwa kichwa.