Usiingize Chuma

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Wahenga hawakufika Nchelenge Jumamosi ile, nyumbani kwa Ba Misozi, ambako moshi ulifuka mpaka darini na moto haukuwapo. Aliyeutuliza ni msichana aliyekatazwa kabisa kukanyaga hapo siku hiyo.

Pierrette alikuwa kazini, jikoni kwenye nyumba ya wageni karibu na minibasi za Mansa, anasonga ugali wa mchana, simu ilipotikisika mfukoni mwa aproni. Ujumbe wa mama yake, Fidélie:

"Pierrette kuya mbio. Banaingiza bakuli ya kuku mu mikro-onde, na mufuniko na kitenge yote. Mi siko na ruhusa ya kusema."

Akapiga papo hapo. Simu ikapokewa, lakini hakuna aliyezungumza.

— Maman?

Pumzi tu.

— Maman, bakuli gani? Ile ya maua?

Mama akakohoa mara moja.

— Banaisha kuwasha?

Kikohozi cha pili. Na nyuma ya kikohozi, Pierrette akasikia sauti aliyoijua vizuri: ta, ta-ta, ta, kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria kavu.

Hakuvua aproni. Hakuweka mwiko chini. Alikimbia.

Siku hiyo ukoo wa bibi arusi ulikuwa unamwonyesha bwana arusi moto. Wabemba wa ufuo huu wanaiita ichilanga mulilo: upande wa mke unapika, unabeba vyakula vimefunikwa, unampelekea mume mtarajiwa ale kwa mara ya kwanza chakula cha wakwe. Kwa ukoo wa Mapalo, bwana arusi mwenyewe, sheria zilikuwa tatu. Bibi arusi hatii mguu hapo. Wabeba chakula wanapiga magoti na hawatoi neno mpaka kiliwe. Na hakuna mkono wowote unaofunua chombo kabla ya mkono wa bwana arusi.

Fidélie ni Mkongo, alivuka kutoka upande wa Pweto na Pierrette mgongoni. Mila hiyo haikuwa yake. Lakini binti yake anaolewa na Mzambia, naye alikuwa ameapa hakuna atakayesema kwamba wakimbizi hawajui adabu. Alipika tangu alfajiri kule Kabuta. Kisha tairi la gari likapasuka njiani, na chakula cha kuonyesha moto kikafika baridi kama jiwe la ziwani.

— Moto gani huu munatuonyesha? Ba Misozi aliuliza huku akigusa bakuli. Basi ngoja, miye niko na machine.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Pierrette alifika mlangoni akihema. Mapalo alikuwa ameketi juu ya mkeka, shati jipya, mgongo wima, macho yamemtoka. Maikrowevu ilikuwa juu ya meza karibu na televisheni, mahali ambapo kila mgeni angeiona, na ndani yake cheche za buluu zilikuwa zinacheza. Ba Misozi, shangazi, yaani Ba Senge, aliyemlea Mapalo tangu utoto, alikuwa anapepea moshi kwa viganja vyake vitupu. Mjomba, Ba Yama Royd, msemaji wa ukoo, alikuwa anakuja na jagi la maji.

— Musifungue mulango! Pierrette alipaza sauti.

— Nani alimuita huyu? Royd akang'aka.

— Ba Yama, weka maji chini.

— Hauone moshi?

— Ninaona moshi na ninaona umeme. Unataka leo tule harusi ao tule matanga?

Royd akainua jagi. Pierrette akalipiga kwa mwiko. Jagi likaruka, likabingirika, maji yote yakaishia ndani ya viatu vya Ba Yama vilivyong'arishwa tangu Ijumaa.

Hivyo ndivyo alivyokuja na mwiko mkononi kuvunja miiko.

Alibonyeza kitufe cha kuzima. Akavuta waya ukutani. Kisha akasimama mbele ya kile kiboksi kama mlinda mlango.

— Tunangojea. Mulango ikae ya kufungwa. Kama kuna moto ndani, bila hewa itakufa.

— Na kama haikufi? Ba Misozi akanong'ona.

— Itakufa, Ba Senge.

Walingoja. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Alipofungua, hakukuwa na mwali hata mmoja. Kitenge kilikuwa kimeungua pembeni, na ukingo wa dhahabu wa bakuli umepata madoa meusi. Pierrette akakitoa chombo kwa kitambaa, akafungua fundo, akaondoa mfuniko kuona kama kuku ameungua.

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Bwana arusi hajafunua, mkono mwingine umefunua. Na mkono wenyewe ni wa nani? Wa bibi arusi!

Royd akavua kiatu kimoja, akamwaga maji nje ya mlango, akarudi.

— Sikiliza, binti. Ulikuja siku ya kukatazwa. Ulinipiga mimi mbele ya watu.

— Nilipiga jagi, Ba Yama.

— Ulifunua chakula. Piga magoti, omba pardon. Neno moja tu. Ukikataa, mama yako abebe vyombo vyake, hakuna ndoa.

Fidélie, bado yuko magotini, akamtazama binti yake. Macho yake yalisihi: sema, mutoto wangu, neno moja haliui.

— Siombi, Pierrette akajibu.

Fidélie akaanza kukusanya vyombo. Kimoja juu ya kingine, polepole, machozi yanadondokea mifuniko. Ta, ta-ta.

Pierrette akamgeukia Mapalo.

— Weye uliona moshi, ukakaa?

— Niliambiwa nikisimama mbele ya kula, ndoa inavunjika, Mapalo alisema kwa sauti ya chini. Niliogopa kukukosa kuliko nilivyoogopa moto.

— Ungenikosa mimi na nyumba pamoja.

Hapo Mapalo akakumbuka kitu, na sisi tukikumbuke pamoja naye. Mwaka juzi, kabla hajajua hata jina la Pierrette, alimpelekea pale nyumba ya wageni kopo la plastiki la aiskrimu, ndani mna samaki wa jana, akamwambia ampashie. Msichana mwenye aproni akalitazama kopo, akamtazama yeye.

— Hii plastiki ilizaliwa kwa ajili ya baridi. Ukiipasha, itayeyuka, na weye utakula kopo na samaki.

— Dada, ni dakika mbili tu.

— Hata dakika moja. Kaa.

Alimhamishia samaki kwenye bakuli la kioo, akanyunyiza maji kidogo, akafunika kwa sahani akiacha mwanya, akatia kwenye maikrowevu ya jikoni. Katikati akasimamisha, akageuza vipande. Ilipolia, hakumpa. Alisubiri kidogo, akachoma kipande kinene kwa uma, akaona mvuke ukitoka katikati, ndipo akaleta.

— Juu kunaweza kuwa moto na katikati kuna usingizi, alimwambia. Na samaki wa kulala hivyo anakuamsha na tumbo.

Mapalo ni karani wa halmashauri. Watu wengi wamemhudumia, lakini hakuna aliyewahi kumkatalia kwa kumtunza. Kesho yake alirudi. Alirudi siku arobaini. Siku ya arobaini na moja aliandika: "Nimechoka kubeba samaki. Nakuomba nikubebe wewe." Akajibiwa: "Beba kwanza bakuli ya kioo, nione."

Alibeba. Bakuli lenyewe lilikuwa pale pale, kwenye kabati la shangazi yake, nyuma ya vikombe.

Mapalo akasimama juu ya mkeka. Hakuwa amekula hata tonge.

— Ba Yama, huyu akipiga magoti kwa sababu alituokoa, basi mimi sitakula hapa wala kwingine. Vyombo vikitoka, ninatoka nyuma yao nikivibeba.

— Mapalo! Kaa!

— Nilikaa moshi ukifuka. Inatosha.

Royd akafungua mdomo, lakini aliyelipuka ni Ba Misozi.

— Awe! Munamusifu, munamusifu, hamujue huyu mutoto alinitukana! Wiki tatu nakula hasira, nanyamaza!

Vichwa vyote vikamgeukia Pierrette.

— Mimi, Ba Senge? Pierrette aliduwaa. Nilikutukana siku gani?

— Siku Mapalo alileta machine. Ulinifundisha kubonyeza, sawa. Kisha ukaniambia mbele ya jirani: "Ba Senge, usiingize chuma."

— Ndiyo! Nilikuambia usiingize chuma, na leo umeingiza chuma!

— Niliingiza ichuma gani? Ba Misozi akapiga mapaja. Nilitoa hata pete! Angalia vidole! Ichuma yangu yote iko mu sanduku chini ya kitanda! Unadhani mimi ni mutu wa kuficha mali mu machine ya chakula?

Mapalo, Mbemba wa kuzaliwa aliyejifunza Kiswahili cha mapenzi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Mwandi... Ba Senge. Ulisikia ichuma. Ya Kibemba.

— Kuna nyingine?

Ba Misozi amenunua samaki kwa Wakongo wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, miaka ishirini. Kiswahili chake kinajua samaki, chumvi, wavu, bei, na matusi ya kutosha. Lakini chuma hakijawahi kuuzwa kwake kwa Kiswahili. Kwa Kibemba, ichuma ni utajiri. Kwa hiyo wiki tatu nzima aliamini kwamba mkwe wake Mkongo alimwonya, mbele ya jirani, asifiche mali yake kwenye kiboksi cha kupashia ugali.

— Kwa Kiswahili, Pierrette alisema taratibu, chuma ni ile kitu ya jembe. Ya sufuria. Ya kijiko.

— Icela?

— Icela, Mapalo akathibitisha.

Ba Misozi akaligeukia bakuli.

— Lakini hii haiko icela. Hii ni maua!

Pierrette akaligongesha kwa mwiko. Likalia ngring, kama kengele ya kanisa dogo.

— Maua ni nguo, Ba Senge. Chini ya nguo ni chuma. Na ukingo huu wa dhahabu pia ni chuma. Machine haidanganywe na nguo.

Wa kwanza kucheka alikuwa Fidélie. Aliyekatazwa kusema hakukatazwa kucheka. Alicheka mpaka sufuria zikamponyoka. Ba Misozi akafuata, akiegemea ukuta, akijifuta macho kwa kile kitenge kilichoungua.

— Yangu! akashangaa kwa Kibemba. Wiki tatu! Namuchukia mutoto juu ya kijiko!

Alipomaliza kucheka alishika kiuno.

— Basi nionyeshe tena. Ile machine imekufa?

— Tuone kwanza.

Pierrette alichungulia ndani, akapapasa kuta: hakuna tundu, hakuna rangi iliyobanduka. Akafuta masizi. Akaweka kikombe cha udongo chenye maji, akachomeka waya, akawasha. Nyumba nzima ikasogea kuangalia, hata Royd na kiatu chake mkononi. Hakuna ta, hakuna cheche, ila mlio wa nyuki wa mbali. Maji yakatoka moto.

— Ingelia tena, ningeipeleka kwa fundi na hatungeigusa. Sasa, Mapalo, bakuli yangu ya kioo.

Mapalo akalitoa kabatini, akalishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. Pierrette akahamisha kuku wa kienyeji wa mchuzi wa karanga, si wote, kiasi cha kuenea bila kulundikana. Akanyunyiza maji, akafunika kwa sahani ya udongo isiyo na ukingo wa dhahabu, akaisogeza kidogo.

— Mbona haufunike sawasawa? Ba Misozi aliuliza.

— Mvuke inataka njia. Ukiifungia kabisa, itatafuta njia yenyewe, na itapita mu sura yako.

Akaliingiza, akawasha, akasimamisha katikati, akageuza. Akawasha tena. Akangoja. Akachoma paja kwa uma, mvuke ukapanda mpaka kwenye nyusi zake, naye hakupepesa. Mapalo alimtazama kama watu wa kisiwani wanavyotazama nchi kavu.

— Keti, alimwambia. Kula.

Akaketi. Akala. Karanga za Fidélie zikamfanya afumbe macho.

— Natotela, Mama, akamshukuru mkwewe kwa Kibemba, na sasa Fidélie alikuwa na ruhusa.

— Kula, mutoto wangu. Moto umeiona.

— Tumeiona wote, Ba Misozi akasema. Royd, vaa kiatu. Ndoa iko.

— Na pardon yangu? Royd hakuachia. Viatu vyangu je?

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu vinywa vyote vilikuwa vimejaa.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata, kanisani, kwaya mbili: moja ya Kibemba na moja ya Kiswahili, kila moja ikitaka kuimba zaidi ya nyingine. Ba Misozi alizawadia maharusi mabakuli sita ya kioo, na kwenye kila moja alikuwa amebandika karatasi: HAKUNA ICELA. Aliposimama kusema, aliwaambia wageni kwamba mukwe wake anajua vyombo kama mvuvi anavyojua maji, na mwenye kubisha aje kwake na bakuli ya maua.

Ba Yama Royd alikuja kupeana mkono wa mwisho. Viatu vilikuwa vipya. Akainama karibu na sikio la bibi arusi, nusu utani, nusu si utani.

— Mwana wangu, leo ni siku ya furaha. Neno moja tu, niende nyumbani na moyo mweupe. Pardon ya lile jagi.

Mapalo akaacha kutafuna. Fidélie, kwenye kiti cha mbele, akakohoa mara moja.

Pierrette akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti la heshima kama Wabemba wanavyowapigia wakubwa, akatabasamu hasa.

— Ba Yama, ninakupenda, na nitakupikia mpaka uzeeke. Jagi nitalipiga tena. Siombi pardon.