Ziwa la Tano

Kwenye wodi ya watoto njiti manukato ni marufuku. Si marashi, si losheni, hata sabuni ya kufulia kanga nesi Jenifa anainusa kwanza, maana mapafu ya viumbe vile hayajakomaa na kitu kidogo tu kinawabana. Sasa Mwanamkasi alipoingia chumba cha kukamulia maziwa mchana ule, akapigwa na harufu ya udi, udi mzito wa kumfukizia bi harusi. Akatazama huku na huku. Wanawake walikuwa kwenye benchi na vikombe vyao, kila mmoja na lake, hakuna aliyekunja hata pua.

Akaketi, alikuwa na la kwake la kumtosha. Mwanawe wa kwanza alitoka tumboni hata nepi hazijanunuliwa. Hafiki kilo, ngozi yake unaona mishipa, amelazwa ndani ya kisanduku cha kioo na dripu ya sukari mkononi na mpira mwembamba umepita puani mpaka tumboni. Alipopewa maziwa ya kopo tumbo lilimfura, daktari akasema basi, huyu anataka ya mama. Na ya mama hayatoki! Mwanamkasi alikamua mpaka chuchu zikachubuka, akapata utelezi wa njano usiojaza hata kizibo cha soda.

"Usijitese," Jenifa alimwambia. Jenifa ni Msambaa, mnene, mcheshi, na akina mama wale aliwajua kwa majina na kwa machozi yao. "Maziwa ukiyafokea yanakimbia. Mbebe mwanao kifuani, ngozi kwa ngozi, mwimbie. Yatakuja."

"Na yasipokuja?"

"Yatakuja," Jenifa akasema, ila hakumtazama usoni.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamke aliyejitanda kanga nyekundu, mzuri wa sura, miguu kaikunjia ndani. Kikombe chake kimejaa mpaka kinamwagika. Alisema anaitwa Mastura.

"Yangu yanapotea bure, dada," alinong'ona. "Chukua umpe. Nani atajua?"

Nesi alikwisha kataza kupeana maziwa. Halafu kuna la pwani, na hili ndilo zito zaidi: mtu hapokei ziwa la mtu bila kuuliza. Mwanao nani? Baba yake nani, kwao wapi? Kwani watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na aliyenyonyesha ni mama, ana haki zake. Bibi yake Mwanamkasi kule Kigombe angeuliza hata kabla hajaitikia salamu. Mwanamkasi hakuuliza. Mtaa mzima wa Makorora wanamsema kwa hilo mpaka leo, na mie nawaambia wafunge midomo yao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mfa maji haishi kutapatapa.

Akakipokea kikombe. Maziwa yakamiminwa kwenye bomba, yakateremka taratibu kwenye mpira, tumbo likatulia. Jioni akampa tena, na alfajiri tena. Mtoto akapata rangi, akafumbua jicho moja, na Jenifa akapiga kigelegele cha chinichini asiwashtue wengine. "Si nilikwambia?" akasema. Mwanamkasi akakiosha kikombe, asimwambie maziwa ni ya nani.

Saa ya kulisha ikifika, Jenifa husimama mlangoni akaita: "Mtoto wa Anastazia! Mtoto wa Mwanamkasi!" Kila mama huinuka na kikombe chake. Adhuhuri ile, alipokwisha mpa mwanawe mara ya nne, ndipo ilipomjia kwamba Mastura haitwi. Hajaitwa hata mara moja. Akamsogelea Anastazia, mke wa mkata mkonge, aliyekuwa akimgawia uji tangu alipolazwa.

"Shoga, yule dada wa mwisho, mtoto wake yupi?"

"Dada yupi?"

"Yule pale, mwenye kanga nyekundu."

Anastazia akatazama, kisha akamgeukia polepole. "Mwanamkasi, pale pana ndoo ya deki." Akafanya ishara ya msalaba. "Umelala wewe lakini?"

Mwanamkasi akainua macho. Mastura alikuwa pale pale, anamtabasamia, mikono mitupu magotini. Na kutoka ndani ya kanga yake ilisikika sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa, chwa, chwa, chwa, sauti ambayo mtoto wa wodi ile hana nguvu ya kuitoa.

Alitoka mbio mpaka getini. Mumewe Zubeiri, fundi pikipiki, alikuwa nje anangoja saa ya kuona wagonjwa. Alipoambiwa hakucheka wala hakubisha. Alikwenda akamleta mjomba wake, Maalimu Uweso, mwalimu wa chuo anayewasomea wagonjwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usilie, nijibu. Umempa mara ngapi?"

"Nne. Lakini kwa mpira, mjomba, hakunyonya."

"Mpira, kijiko, yote mamoja. Likifika tumboni ni ziwa." Mzee akajishika kichwa. "Lo, mwanangu! Ungekuja kwangu mapema. Haya, sikiliza. Udugu wa ziwa unafunga mara ya tano. Nne hazijafunga. Jini huyu hakuja kuua, amekuja kutafuta mtoto, na akishakuwa mama kwa haki mie sina aya ya kumfukuzia. Kunywa kombe hili, nimeliandika aya kwa zafarani. Nitakaa hapa nje nisome. Chochote atakachokupa, usimpe mtoto."

"Na mtoto ale nini?"

Maalimu akafungua msahafu wake. Zubeiri akamshika mkewe mkono, akamrudisha mpaka mlango wa wodi.

Alasiri mshipa wa dripu ukapasuka. Jenifa akatafuta mwingine mkononi, mguuni, kichwani, vimishipa vyenyewe vyembamba kama uzi, vyote vikagoma. Sukari ya mtoto ikaanza kushuka.

"Mama, kamua," akasema. "Hata matone. Nakwenda kumwita daktari."

Mwanamkasi akakamua. Akakamua huku anasoma kila dua aliyofundishwa chuoni, na ladha ya zafarani ya kombe bado mdomoni, na hakikutoka kitu. Mtoto aliacha kuchezesha vidole. Mashine ikaanza kulia. Hapo udi ukaingia wodini, ukatanda mpaka ukamwasha macho, na kando ya kioo akasimama Mastura, kikombe mkononi.

"Mwambie mzee wako apumzike," alisema kwa upole. "Mie sipori. Sema ondoka, nitaondoka sasa hivi, hutaniona tena mpaka kufa kwako. Lakini likiingia hili, mie mama yake. Nikibisha hodi kwako hutanifungia."

"Kwa nini mwanangu?" Mwanamkasi alinong'ona. "Watoto wamejaa hapa."

"Wengine mama zao waliuliza."

Akataka kusema ondoka, neno likawa ulimini kabisa, lakini mashine ilikuwa ikilia na ile midomo midogo ilikuwa ikigeuka rangi ya zambarau, na korido ilikuwa kimya, hakuna viatu vya daktari wala sauti ya Jenifa, hakuna ila sauti ya Maalimu ikija kwa mbali dirishani, ikipanda na kushuka, ikimwomba Mungu amlinde mtoto na jini, wakati mtoto mwenyewe anakufa mbele ya macho yake kwa njaa, njaa tu, na maziwa yapo, yana joto, yanatoa mvuke kikombeni, na mkono uliokinyoosha kikombe kile haukuwa na kucha hata moja.

Akakichukua. Alimpenda mwanawe, basi. Akainua bomba, akamimina, akayatazama yakishuka mpaka tone la mwisho. Nje sauti ya Maalimu ikakatika katikati ya aya.

Mtoto akavuta pumzi. Mashine ikanyamaza. Daktari na Jenifa walipoingia mbio walimkuta mwekundu, anapiga miayo, na pale wodini hapakuwa na mwingine ila Mwanamkasi, amesimama, kanga yake imelowa kifuani.

"Mashallah, mama!" Jenifa akacheka na machozi yakimtoka. "Tazama, yanavuja! Yamekuja!"

Ni kweli, yalikuja. Yake mwenyewe, mengi, yalimchuruzika mpaka tumboni. Mwanamkasi aliyakusanya kikombeni, na saa ya kulisha ilipofika alitangulia mlangoni kabla hajaitwa. Akayamimina. Yakashuka. Mtoto akajikunja, akayatapika yote, akageuza shingo upande wa pili. Akajaribu tena baada ya kupumzika. Akatapika tena, na mashine ikaanza upya.

"Ajabu," Jenifa akasema. "Tangu jana anakunywa vizuri. Maziwa si yale yale?"

Mwanamkasi akakiweka kikombe chini. Alirudi chumba cha kukamulia, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akapiga magoti mbele ya ndoo ya deki. Anastazia alimsikia kwa masikio yake.

"Dada Mastura," aliita, sauti haipandi. "Njoo. Mwanao ana njaa."