Diski Imejaa

Saa tano asubuhi, stoo ya matairi.

Nyundo alimwaga misumari mezani akaipanga kama ramani ya jengo: huu mlango wa nje, huu chumba cha kompyuta, huu wa hazina. Lilikuwa jitu la miraba minne, na hata salamu yake ilikuwa vitisho.

"Dhahabu iko humu. Naingia mimi peke yangu. Simwamini mtu."

"Milango yote inaendeshwa na seva moja," Fundi alisema. Aliitunza seva hiyo kwa miaka kabla ya kufukuzwa kazi. "Ikizimika ghafla, yote inajifunga. Hata ufunguo hausaidii."

"Basi usiizime. Kuna lingine?"

Hakukuwa na lingine. Fundi hakufuata dhahabu. Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa dereva wa Nyundo, na aliyejaribu kumkimbia Nyundo alizikwa. Alitaka kumtoa humo akiwa hai, basi.

Saa saba mchana.

Mlinzi alifungua mlango aende kula. Nyundo akamvunja pua kwa kitako cha bastola, kisha akamvunja meno, ingawa alikwisha kuanguka. Shemeji akamburuta pembeni, akamfunga mikono. Mlango ukajifunga nyuma yao.

Wakaingia chumba cha kompyuta kwa ufunguo wa mlinzi, Fundi akaketi mbele ya seva. Akaandika amri ya kufungua hazina. Ikakataa.

"Nini tena?"

"Diski imejaa. Kabla ya kufungua mlango, seva lazima iandike kumbukumbu. Haina pa kuandika, haifungui."

"Futa!"

Akafuta faili kubwa la picha za kamera. Akapima nafasi. Diski bado imejaa pomoni.

"Umefuta na bado imejaa? Unanifanya mtoto?"

"Kuna programu bado imelishikilia lile faili. Jina limefutika, lenyewe lipo. Nipe muda niitafute, niisimamishe."

"Muda?" Nyundo akamgeukia Shemeji, akampiga risasi ya paja.

Shemeji akaanguka akipiga kelele. Fundi alitamani kulirukia lile jitu alitafune koo. Akaandika, akakosea, akaandika tena. Orodha ya programu ikashuka kwenye skrini. Akaiona: programu ya kamera, imeng'ang'ania faili lililofutwa. Akaiua. Nafasi ikarudi. Akarudia amri, na mlango wa hazina ukafunguka.

Nyundo akachukua begi. Kabla ya kuingia, akajaza bastola risasi mpya, taratibu, akiwatazama.

"Nikitoka tutaagana vizuri."

Fundi alielewa. Akasubiri ule mgongo upotelee ndani, akang'oa waya wa umeme wa seva.

Milango ikajibamiza. Upande wa pili zikaanza ngumi, risasi na matusi ya nguoni. Mlango haukutikisika.

"Mwanamume wewe!" Shemeji alihema. "Iwashe sasa. Fungua wa nje, twende zetu."

"Ikizimwa hivi, ikiwaka inakagua diski yote kwanza. Nusu saa, labda zaidi. Haiharakishwi." Damu ilikuwa imefika kwenye miguu ya kiti. "Na wewe huna nusu saa."

Akatoa simu, akapiga polisi. Akataja jengo. Akasema majambazi ni watatu, mmoja kafungiwa ndani na ana silaha, wawili wako nje ya hazina na hawana. Wapo majeruhi. Waje na daktari, na mashine ya kukatia chuma.

Shemeji alimkodolea macho.

"Umeniuza? Mimi, shemeji yako? Tutaozea jela!"

"Tutaozea."

Fundi akavua mkanda, akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa nguvu zote mpaka mwenzake akapiga yowe. Lile yowe lilimpa moyo.

"Nitukane," alisema, machozi yakimtiririka. "Nitukane unavyotaka, ila usinyamaze."

Shemeji akamtukana yeye, akaitukana na siku aliyomjua, sauti ikipanda kila Fundi alipokaza. Ving'ora vilipofika barabarani, alikuwa bado anatukana.